Vitu Kumi na Viwili Sandukuni: Shajara ya Mradi wa Michoro na Picha

Wiki ya 1

Leo nimelifunga sanduku. Ndani yake mna vitu 12 vya nyumbani, vyote vimetumika kwa miaka mingi na hakuna hata kimoja ambacho mtu angekinunua: kikombe cha enameli, mkasi wa kukatia nguo, ufunguo ambao mlango wake haujulikani tena, miwani ya kusomea, kitana, kopo la vifungo, saa ya mezani iliyosimama, balbu iliyoungua, chupa tupu ya dawa, kijiko, rula ya mbao na brashi ya viatu. Karibu vyote vilikuwa vya marehemu mama, na vingine vilikuwa vya nyumba nzima, maana yake havikuwa vya mtu yeyote. Sanduku halitafunguliwa kwa muda wa wiki mbili.

Kanuni ya mradi ni fupi. Kila kitu nitakichora kwanza kwa kumbukumbu, bila kukitazama, kwa mkaa juu ya karatasi ya pamba yenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Mchoro ukishakamilika, kitu kitatolewa sandukuni, kitapigwa picha, na picha itachapishwa kwa ukubwa halisi wa kitu chenyewe. Baada ya hapo mchoro hautaguswa. Picha haitatumika kuusahihisha, na mchoro hautatumika kuchagua upande wa kupigia picha. Nataka viwili hivi visimame ubavu kwa ubavu kama mashahidi wawili ambao hawakupewa nafasi ya kupatana kabla ya kuulizwa.

Ukaribu wa mkono na lenzi una historia ndefu, na mojawapo ya njia zilizoizaa picha ya kamera ilianzia kwenye mchoro. Mnamo Oktoba 1833 Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, nchini Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa prizimu ndogo iliyomwonesha taswira ya ziwa juu ya karatasi yake. Kila alipoliondoa jicho kwenye prizimu aliona kwamba penseli haikuwa imeacha chochote cha kuridhisha, na hapo ndipo alipojiuliza ingekuwaje kama taswira ile ingeweza kujichora yenyewe na kubaki. Kazi iliyotokana na swali hilo aliitangaza Januari 1839, na jina alilolipa lilibeba neno mchoro: ilikuwa kwake michoro iliyozaliwa na nuru. Napenda sana kwamba jambo hili lilianza na mtu aliyetaka kuchora na mkono wake ukamkatalia, kwa sababu linanikumbusha kwamba kamera haikuja kuiondoa kalamu mezani. Ilizaliwa kutokana na haja ileile.

Wiki ya 2

Michoro minne imekamilika: kikombe, ufunguo, saa na balbu. Nilidhani ugumu ungekuwa katika ustadi, kwamba ningejua kitu kilivyo lakini mkono ushindwe kukifikisha kwenye karatasi. Sivyo ilivyokuwa. Mkono ulikuwa tayari, na kilichokosekana ni kitu chenyewe. Nilipofumba macho niliuona ufunguo wazi kabisa, lakini nilipojiuliza una meno mangapi, ule uwazi ukatoweka papo hapo, nikabaki na hisia ya ufunguo isiyo na ufunguo ndani yake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Raymond Nickerson na Marilyn Jager Adams, waliwaomba watu wazima wachore kwa kumbukumbu sarafu ya senti moja ya nchi yao, sarafu waliyokuwa wameishika maisha yao yote. Kati ya alama nane muhimu za sarafu ile, mchoraji wa kawaida aliweza kukumbuka tatu na kuziweka mahali pake. Hata walipooneshwa sarafu kadhaa za bandia pamoja na moja ya kweli, walioitambua ya kweli hawakufika nusu. Macho hutunza kile tu kinachotosha kukitofautisha kitu na vingine; senti inatofautishwa na sarafu nyingine kwa rangi na ukubwa wake, basi hakuna aliyelazimika kujua uso uliochorwa juu yake unaelekea upande gani.

Nilipokuwa nikichora saa niliiweka mishale yake bila kusita: mfupi kwenye kumi, mrefu kwenye mbili. Mkaa ulipokauka vidoleni ndipo nilipojiuliza niliutoa wapi uhakika ule. Hiyo ndiyo saa inayooneshwa katika matangazo ya kibiashara, ambako mishale huwekwa hivyo ili isilifunike jina la mtengenezaji na ili uso wa saa upate ulinganifu. Nimeishi na saa ya mama kwa zaidi ya miaka 20, nayo ilisimama mbele ya macho yangu, lakini kumbukumbu ilipoagizwa kuileta iliniletea saa ya gazetini. Mchoro huo nauacha kama ulivyo. Ni mchoro wa kweli, ingawa si wa saa ile.

Wiki ya 3

Sanduku limefunguliwa kwa ajili ya vitu vinne vya kwanza tu. Vingine vimebaki chini ya kitambaa.

Saa ilisimama saa tisa kasoro dakika nane. Ufunguo una meno mawili, nami nilichora matatu. Balbu niliichora vizuri kuliko nilivyotarajia, pengine kwa kuwa umbo lake halina siri. Kikombe ndicho kilichonishughulisha siku nzima. Mchoro wangu umesahau kabisa mstari wa buluu unaozunguka mdomo wake, mstari ambao ndio kitu cha kwanza anachokiona mgeni, lakini umekumbuka kwa usahihi mahali enameli ilipobanduka: chini kidogo ya mdomo, upande wa kushoto wa kishikio, doa jeusi lenye umbo la jani. Doa hilo nililijua kwa mdomo. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikikizungusha kikombe ili nisinywee pale, kwa sababu chuma kilichokuwa wazi kilikuwa na ladha. Kishikio nacho nimekichora kikubwa kuliko kilivyo kwa karibu theluthi moja, na nilipokishika tena baada ya miaka mingi nilielewa sababu: vidole viwili ndivyo vinavyoingia sasa, lakini ninayekumbuka ni mtoto, na mkono wa mtoto uliingia mzima.

Sitaki kutoa hukumu mapema kwa ushahidi wa vitu vinne. Hata hivyo nimeandika pembeni mwa daftari kwamba makosa yangu mengi yamo katika kilichoonwa, na kwamba niliyoyapatia yamo katika kilichoguswa. Nitaifuatilia habari hii.

Wiki ya 4

Wiki ya kamera. Nimepanga meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, nikaiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, ikitazama chini kwa wima, na umbali kati ya lenzi na meza hautabadilika hadi mwisho wa mradi. Tundu la lenzi liko f/11, yaani ni dogo, ili kitu kizima kionekane kwa ukali, na kwa kuwa mwanga wa dirishani ni hafifu, shata, kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia, hubaki wazi kwa karibu sekunde nzima, kwa hiyo natumia kiwashio cha mbali nisije nikaitikisa kamera. Kando ya kila kitu naweka rula, ambayo huondolewa kwenye picha ya mwisho lakini huniwezesha kuchapisha kwa ukubwa halisi bila kubahatisha.

Vitu vinavyong'aa vilinitesa. Kijiko kilirudisha dirisha lote, stendi, na mimi mwenyewe nimeinama juu yake. Giorgio Morandi, mchoraji wa Bologna aliyefariki mwaka 1964, alilimaliza tatizo kama hili kwa njia zake: chupa zake aliziacha zishike vumbi, na nyingine alizipaka rangi ili kioo kisiendelee kung'aa. Mimi siruhusiwi na kanuni yangu kukibadilisha kitu, basi nimezungushia meza karatasi nyeupe kila upande, na kijiko sasa kinarudisha weupe mtupu.

Kwa Morandi nimejifunza jambo jingine ambalo sikulitafuta. Alizoea kutandika karatasi juu ya meza yake na kuchora kwa penseli mzunguko wa kitako cha kila chupa ili akumbuke iliposimama. Alama hizo zinaonekana katika picha za studio yake alizopiga Luigi Ghirri mwaka 1989 na 1990, zaidi ya robo karne baada ya mwenye chupa kuondoka. Nami natandika karatasi mezani na kuzungushia kila kitu penseli kabla ya kukipiga picha, ili nikihitaji kurudia niweze kukirudisha palepale. Jana niliitazama karatasi hiyo jioni, baada ya vitu kurudishwa sandukuni, nikaona mizunguko sita imepishana, mingine ikikatana, kila mmoja ukiwa mahali pa kitu ambacho hakipo. Sikukusudia kuichora, na bado ni mchoro bora kuliko yote niliyoyafanya kwa mkaa hadi sasa. Itaingia katika maonesho.

Nimebadili pia namna ya kupiga picha kutokana na utafiti wa Linda Henkel wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2014. Aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho, akawataka vitu vingine wavitazame tu na vingine wavipige picha; siku iliyofuata walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha, kana kwamba walikuwa wamekabidhi kazi ya kukumbuka kwa kamera. Lakini waliotakiwa kuisogelea sehemu moja ya kitu kwa lenzi hawakupata hasara hiyo, na waliikumbuka hata sehemu iliyobaki nje ya picha. Kwa hiyo kila kitu sasa nakipiga mara mbili: mara moja kizima, kutoka juu, na mara ya pili kwa karibu sana, mahali pamoja tu, baada ya kukishika mkononi kwa dakika 10 bila kamera. Mahali hapo huchaguliwa na kidole.

Wiki ya 5

Michoro miwili imeharibika. Niliipulizia dawa ya kugandisha mkaa kwa karibu mno, matone yakaungana na kuteremka juu ya kitana na rula. Nimeirudia yote miwili kwa kumbukumbu, lakini si sawa na ya kwanza, kwani safari hii nilikuwa nikiukumbuka mchoro na sikuwa nikikikumbuka kitana. Nimeihifadhi iliyoharibika. Kuanzia sasa nitapulizia kutoka umbali wa urefu wa mkono, mara mbili nyepesi, karatasi ikiwa imelazwa.

Wiki ya 7

Dada yangu mkubwa alikuja Jumamosi. Nilikuwa nimemwomba anisaidie kwa jambo moja: achore mkasi wa mama bila kuuona, ili niwe na kumbukumbu mbili za kitu kimoja. Mimi nilikuwa nimeshauchora wiki iliyotangulia na karatasi yangu ilikuwa imefunikwa. Alikataa mwanzoni, akisema hajashika penseli ya kuchorea tangu alipotoka shule, nami nikamweleza kwamba sitafuti uzuri.

Alichora kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiri angechora. Ana shoto, na mkono wake ulikuwa ukipita juu ya mkaa aliokwisha kuuweka, kwa hiyo karatasi yake ilijaa ukungu wa kijivu kutoka kushoto kwenda kulia. Makali ya mkasi aliyachora kwa mistari miwili tu, kama mtu asiyejali. Lakini alipofika kwenye vishikio alipunguza mwendo. Kile kikubwa cha vidole vinne alikimaliza upesi. Kile kidogo cha kidole gumba alikizungusha mara nyingi, mstari juu ya mstari, hadi kikawa kinene na cheusi kama kamba.

Nilidhani alikuwa amekosea akawa anatafuta umbo. Nikamwambia, "Dada, si lazima kiwe sawasawa."

"Kiko sawasawa," akajibu. Kisha akaniuliza, "Kwani mdogo wangu, kitambaa umekiweka wapi?"

"Kitambaa gani, dada?"

"Cha kijani. Mama alikizungusha hapa kwenye gumba. Mkasi ulikuwa unanichubua."

Sikukumbuka kitambaa chochote. Nilikaa mbele yake nikitafuta, na hakikuja. Nilimfunulia mchoro wangu: mkasi mzuri, wenye uwiano, skrubu mahali pake, makali marefu yenye mwanga juu yake, na vishikio vitupu. Aliutazama kwa upole, akasema huo ni mkasi wa dukani.

Mwenye kutumia mkono wa kulia huenda asielewe mara moja kwa nini mtoto mwenye shoto achubuke. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa namna ambayo gumba la kulia likisukuma na vidole vikivuta, makali mawili hubanana. Ukiuhamishia mkono wa kushoto, msukumo uleule huyatenganisha makali, na kitambaa hujikunja katikati badala ya kukatika. Ili akate, mwenye shoto hana budi kulipeleka gumba kinyume na linavyotaka kwenda, na ukingo wa kishikio, ambao umelazwa upande usiomfaa, humkaa kwenye kifundo. Dada alikuwa akimsaidia mama kukata nguo kila siku akitoka shule. Mimi nilikuwa mdogo, na nilipofika umri wa kuushika mkasi ule, niliushika kwa mkono wa kulia, na pengine kitambaa kilikuwa kimekwisha kuondolewa. Tumeishi nyumba moja, tumekumbuka mikasi miwili.

Wiki ya 8

Mkasi umetolewa sandukuni. Hauna kitambaa.

Picha ya kwanza, ile ya kutoka juu kwa mwanga wa dirisha, haikuonesha lolote la ajabu. Rangi nyeusi ya vishikio imelika na kuacha chuma wazi, kama inavyotarajiwa. Kwa picha ya pili niliziba dirisha, nikawasha taa moja ndogo na kuilaza chini kabisa, kiwango cha meza, ili mwanga upite ubavuni mwa kitu na kuamsha kila kinyanyuko kilicho juu yake. Mwanga wa namna hii huyapa makovu vivuli.

Ndani ya kishikio cha gumba, kwa urefu wa sentimita tatu hivi, rangi nyeusi ipo nzima. Inaanza ghafla na kuisha ghafla. Juu yake na chini yake chuma ni kitupu na kimeng'arishwa na ngozi ya watu. Katikati, pale, rangi ni nene na ina mistari myembamba ya mshazari iliyoachwa na kitu kilichozungushwa na kukazwa kikabaki hapo miaka mingi. Nilihesabu mizunguko mitano. Pembeni mwa mmoja wao kuna uzi, mfupi kuliko punje ya mchele, umeshikwa na rangi. Nilisogeza lenzi hadi uzi ukajaza nusu ya kioo, na hata hapo sikuweza kuapa kwamba ni wa kijani. Una rangi ya kitu kilichowahi kuwa na rangi.

Nilikaa na picha ile hadi usiku. Kamera haikukumbuka chochote. Ilionesha tu mahali ambapo mikono haikufika. Mchoro wa dada haukuonesha chochote kilichopo. Ulionesha mahali palipouma. Vyote viwili vimeangukia sentimita zilezile tatu. Mchoro wangu, ambao ni mzuri kuliko wa dada na unafanana na mkasi kuliko picha ya ubavuni inavyofanana nao, ndio pekee usiojua kitu.

Nimempigia simu dada nikamwambia. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi sikuota."

Wiki ya 10

Nimekuwa na kishawishi cha kuurudia mchoro wangu wa mkasi na kuongeza kitambaa. Nimelitafakari kwa wiki mbili kwa sababu kanuni niliyoiweka mwenyewe inakataza, na kwa sababu najua kuna njia ya kusahihisha ambayo haifuti kosa.

William Kentridge wa Afrika Kusini, tangu mwaka 1989, amekuwa akichora kwa mkaa karatasi moja, akaipiga picha, akafuta sehemu ndogo, akachora tena palepale, akapiga picha nyingine, na hivyo hivyo hadi karatasi iwe imebeba tukio zima. Mkaa haufutiki wote. Kila kilichoondolewa huacha ukungu, na mtazamaji anayaona yaliyopita yakiwa bado yamo chini ya yanayoendelea. Kwa mtu anayefanya kazi na kumbukumbu hakuna zana iliyo karibu zaidi na mada yake. Wino ungekuwa mkali mno. Penseli ngumu ingeacha mfereji kwenye karatasi hata baada ya kufutwa. Mkaa huondoka ukabakiza habari kwamba ulikuwapo.

Nilijaribu kwenye karatasi ya pembeni. Nilichora mkasi wangu tena, nikaufuta kwa kifutio laini cha kukandika, nikachora kitambaa juu ya kivuli chake. Ulitokea mchoro mzuri, na nimeuchana. Kitambaa kile si kumbukumbu yangu. Nimekijua kwa kuambiwa na nikakithibitisha kwa taa, na hizo ni njia halali za kujua, lakini siyo njia ambazo karatasi hii iliahidi. Ningekiweka pale, baada ya miaka mitano ningeapa kwamba nilikuwa nakikumbuka tangu utotoni. Mchoro wangu utabaki na vishikio vitupu, na wa dada utatundikwa kando yake kwa ukubwa uleule na fremu ileile.

Michoro ya vitu vingine vyote imekamilika isipokuwa miwani. Miwani nimeshindwa. Kila nikianza, natokewa na uso.

Wiki ya 12

Nimeongeza njia ya tatu, kwa mkasi peke yake. Ni chapa ya buluu, sianotaipu, aliyoivumbua mwanasayansi Mwingereza John Herschel mwaka 1842, na ambayo Anna Atkins aliitumia kuanzia mwaka 1843 kutengeneza kitabu kizima cha miani ya baharini kwa kuilaza mimea yenyewe juu ya karatasi. Haihitaji kamera wala lenzi. Kitu hulala juu ya karatasi, kinaigusa, na jua hufanya kazi pande zote ambazo kitu hakikufunika. Katika mradi uliojengwa juu ya mguso, nashangaa kwamba sikuifikiria tangu wiki ya kwanza.

Nilitengeneza dawa mbili: gramu 25 za sitreti ya chuma na amonia katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za ferisianidi ya potasiamu katika maji kiasi hichohicho. Huchanganywa sawa kwa sawa, hupakwa kwenye karatasi kwa brashi pana ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, na huachwa zikauke gizani. Karatasi inakuwa ya manjano yenye ukijani. Miale ya jua inapoipiga, chuma kilichomo kwenye dawa hubadilika na kuungana na ile dawa ya pili kuwa rangi ya buluu isiyoyeyuka majini. Palipofunikwa hapabadiliki, na maji huosha dawa ikaondoka, karatasi ikabaki nyeupe.

Dada alikuja na kitambaa. Si kile, bila shaka. Ni kipande cha kijani alichokikata kutoka kwenye gauni kuukuu, lakini yeye ndiye aliyekizungusha kwenye kishikio, mizunguko mitano, kwa mkono wa kushoto, bila kuitazama picha yangu. Sikumwambia idadi.

Tulianika karatasi ya kwanza kwa dakika 12. Tulipoiosha, mkasi ulitokea mweupe kabisa, mweupe wa karatasi yenyewe, ukiwa umezungukwa na buluu, na kwa kuwa chuma hakipitishi mwanga haukuwa na undani wowote: wala skrubu, wala makali, wala makovu. Kitambaa pekee ndicho kilichopitisha mwanga kidogo. Kingo zake zilizotokeza nje ya chuma zilitoka na buluu hafifu, na ndani ya buluu hiyo unaona mshono wa nyuzi, moja moja, na ncha iliyochanguka. Katika karatasi nzima ndicho kitu pekee chenye sura. Tulianika nyingine tatu, kwa dakika 8, 15 na 20, na ile ya dakika 15 ndiyo nitakayoitumia, kwani katika ile ya 20 nyuzi zimezama.

Buluu hii hupauka ikiachwa kwenye mwanga mkali muda mrefu, lakini ikirudishwa gizani hewa huirudishia sehemu kubwa ya rangi yake. Kwa hiyo karatasi hiyo haitaning'inia muda wote wa maonesho. Itakaa ukutani siku tatu na kulala kwenye droo siku tatu, kwa zamu na nakala yake.

Wiki ya 14

Leo nimepanga ukuta. Nilifikiria kuviweka vitu vyenyewe chini ya picha zao, kwa sababu nakumbuka kazi ya Vija Celmins, ambaye kati ya mwaka 1977 na 1982 alichukua mawe 11 ya kawaida, akatengeneza nakala za shaba nyeusi na kuzipaka rangi nukta kwa nukta, kisha akayaonesha mawe na nakala pamoja, na mtazamaji hulazimika kutazama kwa muda kabla ya kujua lipi ni lipi. Pale kitu na taswira yake vinahitajiana. Hapa nadhani kitu kingekuwa mwamuzi. Watu wangekitazama kwanza, kisha wangerudi kwenye mchoro kuhesabu makosa, na saa yangu ya gazetini ingekuwa kosa tu. Sanduku litawekwa sakafuni katikati ya chumba, likiwa limefungwa.

Kila kitu kina mstari wake wa wima: mchoro juu, picha nzima katikati, picha ya karibu chini, kwenye kimo cha mkono wa mtu mzima aliyesimama. Karatasi ya meza yenye mizunguko ya penseli iko peke yake kwenye ukuta wa mlangoni. Safu ya miwani ina nafasi tupu juu, yenye misumari miwili, na picha zake mbili chini. Maandishi yatakuwa namba tu.

Safu ya mkasi ni namba 2, na ina karatasi tano badala ya tatu. Hailingani na nyingine na sikuilazimisha ilingane.

Dada aliomba mkasi. Alisema umekaa bure muda wa kutosha, na yeye ana nguo za kukata. Kanuni haikusema lolote kuhusu vitu baada ya kupigwa picha, nami sikuona sababu ya kukataa, kwa hiyo sandukuni sasa mna vitu 11. Aliujaribu hapohapo kwenye karatasi moja ya chapa zilizoharibika. Ulikata kwa kujikunja, kama unavyofanya mkononi mwake, akalipeleka gumba kinyume, ukakata. Kitambaa kilikuwa bado kimezungushwa kwenye kishikio. Kilikuwa kimeingia maji ya buluu tulipokuwa tukiosha karatasi, na ncha yake moja imebadilika rangi. Ameondoka nao saa kumi jioni.